Somo: Maji ya Bwawa la Perege katika Nyanda za Juu

Huko Mufindi na Rungwe wafugaji wengi huyaacha maji ya kijito yapite bwawani usiku na mchana, wakidhani samaki hupenda maji mapya. Kwa perege jambo hilo ni hasara. Joto la maji likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, perege hawazai. Tena mkondo huchukua mbolea pamoja na ule ukijani ulio chakula chao. Ndipo chama hulazimika kununua vifaranga kila mwaka.

Mfereji ufungwe, yaongezwe tu maji yaliyopungua kwa jua na kwa kuvuja. Kipimo hakina gharama: mkono huzamishwa hadi kiwiko. Kiganja kikionekana wazi, mbolea iongezwe. Kikipotea mara tu mkono uingiapo, isimamishwe.

Anayetia mbolea hana budi kulitazama bwawa alfajiri, kwani hewa iliyomo majini hupungua mno saa hizo. Samaki wakionekana wakitweta juu ya maji, mfereji ufunguliwe papo hapo, hata ikiwa ni Julai. Baridi itachelewesha kuzaa mpaka joto lirudi. Kukosa hewa huua bwawa zima kabla ya jua kupanda.