Kupima Tunu Kabla ya Kuchagua Kazi

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anapojaza fomu ya machaguo yake, huulizwa ni masomo gani anayoyaweza na ni kazi gani anayoitamani. Swali la tatu huulizwa kwa nadra: ni jambo gani analolithamini kiasi cha kuwa tayari kuliingilia hasara? Jambo la namna hiyo tutaliita tunu. Frank Parsons wa Boston, Marekani, ambaye kitabu chake juu ya kuchagua kazi kilitolewa mwaka 1909 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba mtu hana budi kujifahamu nafsi yake, kuzifahamu kazi zilizopo, kisha kufikiri kwa makini jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Makala haya yanashughulikia sehemu tu ya hilo la kwanza.

Yafaa kwanza tutenganishe tunu na kazi. Atokaye Mnazi Mmoja, Mchafukoge, akielekea Soko la Kariakoo, atawakuta masonara, wauza dawa, mafundi cherehani na wachukuzi wa mikokoteni. Mafundi cherehani wawili waweza kuketi kibaraza kimoja, mmoja akiipenda kazi hiyo kwa kuwa hana bwana wa kumwamrisha, mwenziwe akiipenda kwa kuwa humwezesha kurudi nyumbani mapema kuwalea watoto. Kazi ni moja, tunu ni mbili. Kinyume chake pia ni kweli: tunu moja yaweza kutimizwa katika kazi nyingi.

Mfano wa hilo upo hapo hapo jirani. Ofisi ya TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Julius Nyerere, rais wa chama hicho, alikuwa wakati huo mwalimu wa sekondari huko Pugu, nje ya mji. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akajiuzulu ualimu mwezi huo huo, akauacha mshahara ilhali ana mke na watoto wadogo. Mambo yote mawili aliyathamini, na ndiyo maana mfano huu unafundisha: kuchagua kati ya jema na baya si kazi ngumu. Aliiacha kazi ya kufundisha, lakini tunu ya kufundisha hakuiacha. Alibaki akiitwa Mwalimu hata alipokuwa Rais wa nchi.

Twajuaje kuwa jambo ni tunu kweli, wala si maneno tu? Louis Raths na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1966, walitoa kipimo kikali: jambo liwe limechaguliwa kwa hiari, miongoni mwa mengine, baada ya kuyatazama matokeo yake, mtu alifurahie na asione haya kulitamka, tena alitende, na kulirudia. Kwa maoni yangu kipimo cha kutenda ndicho kinachofaa zaidi darasani. Mwulize mwanafunzi wapi ametumia saa zake za Jumamosi nne zilizopita. Orodha zilizoandikwa kumpendeza mwalimu zote huanza na kulitumikia taifa.

Sasa tuje kwenye kupima. Njia ya kulinganisha vitu viwili viwili ilifanyiwa kazi kubwa na L. L. Thurstone mwaka 1927. Andika tunu zako, kisha ulinganishe kila moja na kila nyingine. Tunu zikiwa n, milinganisho ni n(n − 1) ÷ 2. Kwa hiyo tunu 5 zatoa milinganisho 10. Kila mara tunu inaposhinda, ipe alama moja.

Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana ambaye wazazi wake wanauza khanga na vitenge Kariakoo, naye husema atakuwa daktari. Tunu zake ni kujifunza mambo mapya, kipato cha uhakika, uhuru, kuwa karibu na wazazi, na kuheshimiwa na majirani. Alama zake ni hizi: kujifunza 4, kipato 2, uhuru 2, wazazi 2, heshima 0. Kama angekuwa na msimamo mmoja tungepata 4, 3, 2, 1, 0. Hizo mbili zilizorudiwa mara tatu zaonyesha mzunguko: kipato kimeushinda uhuru, uhuru umewashinda wazazi, wazazi wamekishinda kipato. M. G. Kendall na B. Babington Smith waliichunguza mizunguko ya aina hii mwaka 1940.

Mzunguko si aibu. Mara nyingi neno moja limebeba maana mbili. Msichana huyu, alipolinganisha uhuru na kipato, alifikiria kutokuwa na msimamizi kazini. Alipoulinganisha na wazazi, alifikiria kujiamulia maisha yake. Akizitenganisha maana hizo, tunu zinakuwa 6 na milinganisho 15, na alama zake ni: kujifunza 5, kujiamulia 4, wazazi 3, kipato 2, kutosimamiwa 1, heshima 0. Mzunguko umekwisha, na jumla ni 15 kama itakiwavyo.

Tazama yaliyofichuka. Heshima, ambayo pengine ndiyo iliyomfanya alitaje jina la daktari, imekuwa ya mwisho. Kuwa na duka lake mwenyewe, kwa sababu ya kutosimamiwa tu, hakumvuti sana. Masomo ya famasia au ya maabara katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, mjini humo humo, yangetimiza tunu zake tatu za kwanza bila kumtenga na wazazi. Uganga nao haujafutwa. Sasa atauchagua, akiuchagua, kwa sababu nyingine. Alama hizi hazisemi lolote juu ya uwezo wake katika kemia, wala juu ya ada: hayo yapimwe kwa mizani yake.

Mwalimu asikusanye karatasi za zoezi hili wala asizisahihishe. Awape wanafunzi tunu zisizozidi 7, maana 8 huleta milinganisho 28 nao huchoka na kujaza ovyo. Baada ya miezi mitatu walirudie zoezi bila kuitazama karatasi ya kwanza, kisha kila mmoja aeleze kwa maandishi, kwa ajili yake mwenyewe, ni tunu ipi iliyohama na ni tukio gani lililoihamisha.