MFALME ALIYEKATAA KUSHUKA KITINI

Somo kwa kijana wa leo
Fungua Biblia: 1 Samweli sura ya 15 hadi ya 31

Karatasi hii umepewa bure. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaifungia karanga.

Hapa Madaba, pale mabasi ya Songea na Makambako yanaposimama, kijana mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma aliniuliza swali. Alisema, "Mwinjilisti, hivi mkubwa akishindwa uchaguzi halafu akakataa kutoka, sisi huku tutapona?" Sikumjibu haraka haraka. Swali lile ni zito, na hofu yake si ya kijinga.

Sisi watu wa Ruvuma tunajua vita huacha nini. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za Maji Maji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata. Na juzi juzi tu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa nchi yetu, tuliona fujo ambazo wengi hatukudhani tungeziona Tanzania. Watu walikufa. Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotembea usiku, intaneti ikazimwa. Sikuandika karatasi hii kusema nani alikosa. Hilo lina mahali pake, na kudai haki si dhambi. Mimi nataka tuulizane jambo moja: KWA NINI MTU ALIYESHINDWA HATAKI KUSHUKA KITINI? Na je, mtu huyo anaishi ikulu tu, au anaishi hata kwako?

1. SAULI: UFALME UMEONDOKA, MTU AMEBAKI

Sauli alikuwa mfalme wa kwanza wa Israeli. Mrefu, kijana mzuri, Mungu mwenyewe alimchagua. Lakini hakutii. Alipotumwa kupigana na Amaleki akaokoa mifugo iliyonona akaiweka, kisha akasingizia kwamba ni ya kutolea sadaka. Mungu akamkataa asiwe mfalme tena. Nabii Samweli alipogeuka kuondoka, Sauli akashika vazi lake likararuka, na Samweli akamwambia kuwa hivyo ndivyo ufalme ulivyoraruliwa kwake siku ile (sura ya 15). Katika sura ya 16 Daudi anapakwa mafuta.

Mambo yamekwisha, si ndiyo? Hapana! Sauli alikaa palepale. Akaanza kurusha mkuki sebuleni. Akageuza jeshi la nchi liwe la kumtafuta kijana mmoja porini. Makuhani wa Nobu walipompa Daudi mkate, Sauli akaamuru wauawe, na siku ile wakafa makuhani 85, na mji wao ukapigwa pamoja na watoto wanyonyao (sura ya 22). Watu hao walimkosea nini? Hakuna. Kiti ndicho kilikuwa kinadai damu.

Angalia vizuri, kijana. Mtu anayeng'ang'ania kiti kisicho chake tena hawezi kukaa kwa amani. Kila anayecheka anamwona msaliti, na kila anayenyamaza anamwona adui.

2. NANI ANALIPA?

Sasa tutoke kwenye Biblia kidogo, twende kwa jirani zetu Kenya. Uchaguzi ulifanyika Desemba 27, 2007. Desemba 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na akaapishwa jioni ile ile. Upande wa Raila Odinga ukasema umeibiwa. Kila upande ulisema sisi ndio tulioshinda, na tume iliyochunguza baadaye ilisema haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Hakuna aliyekuwa tayari kutamka neno moja gumu: nimeshindwa.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Januari 1, 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu walikimbilia ndani ya kanisa la Kipentekoste, wengi wao wanawake na watoto. Walidhani nyumba ya Mungu itaheshimiwa. Kundi la vijana likaichoma moto wakiwa ndani.

Februari 28, 2008, baada ya Kofi Annan, Mzee Mkapa wetu na Mama Graça Machel kuwapatanisha, na Rais Kikwete akiwepo, wakubwa wakatia sahihi. Kibaki akabaki rais, Odinga akawa waziri mkuu. Namshukuru Mungu kwa mapatano yale. Lakini hebu jiulize: viti viligawanywa, makaburi je? Wakubwa walishikana mikono. Kijana aliyebeba kiberiti Kiambaa alishikana mkono na nani?

Rudi kwa Sauli. Sura ya 31 inatupeleka mlima Gilboa. Sauli anakufa vitani, na pamoja naye wanakufa wanawe watatu. Mmoja ni Yonathani, kijana mwema, rafiki wa Daudi, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. KITI KILIKUWA CHA BABA, KABURI LIKAWA LA MWANA.

Kijana, usikubali kuwa jiwe mkononi mwa mtu mwingine. Siku mtu akikupa elfu tano na gongo ukapige watu kwa ajili ya kiti chake, mwulize mtoto wake mwenyewe yuko wapi siku hiyo.

3. KUKUBALI KWA MDOMO

Yupo mtawala mwingine, Yahya Jammeh wa Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Alikamata nchi mwaka 1994 kwa mapinduzi ya kijeshi. Desemba 1, 2016 akashindwa na Adama Barrow. Watu walishangaa kumwona kwenye televisheni akimpigia simu mshindi na kumpongeza! Nchi nzima ikacheza ngoma. Wiki moja baadaye akageuka, akasema hayatambui matokeo yale. Maelfu ya watu wakabeba watoto na magodoro wakakimbilia Senegal. Barrow akaapishwa Januari 19, 2017 akiwa Dakar, ndani ya ubalozi wa nchi yake. Majeshi ya nchi jirani yakaingia, na Januari 21 Jammeh akapanda ndege akaondoka.

Sauli naye alifanya hivyo hivyo. Katika pango la Engedi Daudi alikata pindo la vazi lake, na hakumdhuru. Sauli akalia machozi, akakiri kwa kinywa chake kwamba Daudi ndiye atakayekuwa mfalme (sura ya 24). Machozi ya kweli kabisa! Lakini ukifika sura ya 26 yuko porini tena na watu 3,000 anamtafuta.

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa kiongozi wa timu ya mpira kijijini. Tulipiga kura, nikashindwa. Nilimpa mkono yule mwenzangu mbele ya watu, wakanipigia makofi. Usiku ule ule nikachukua mpira, jezi na daftari la michango, nikavificha darini kwa bibi yangu. Niliwaambia wasionitaka wachezee makaratasi.

Timu ikagawanyika. Jumapili moja makundi mawili yakakutana uwanjani, mawe yakarushwa. Rafiki yangu alipigwa usoni, na mpaka leo jicho lake la kushoto halioni vizuri. Jiwe lile halikutoka mkononi mwangu. Mimi sikuwepo hata uwanjani. Lakini Roho Mtakatifu aliponishika miaka miwili baadaye kwenye mkutano wa Injili, hakuniuliza nani alirusha jiwe. Aliniuliza mpira uko wapi.

Nilipanda darini. Panya walikuwa wametafuna jezi karibu zote. Nilizikusanya hivyo hivyo nikampelekea yule niliyemkabidhi kwa mdomo tu, na nikaenda kwa rafiki yangu kuomba msamaha. Alicheka alipoona zile jezi, kisha akanyamaza muda mrefu. Nilijua kwamba ninachoweza kurudisha ni jezi, jicho siwezi.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka watawala wanaokataa kutoka. Mimi nilikataa kutoka kwenye timu ya mpira! Wewe je?

4. INAWEZEKANA KUSHUKA

Usife moyo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa iko Malawi. Kamuzu Banda alikuwa ametangazwa rais wa maisha, na utawala wake ulifunga watu wengi. Lakini aliposhindwa na Bakili Muluzi katika uchaguzi wa Mei 17, 1994, alikubali, na nchi haikuungua. Na Septemba 2025 Rais Lazarus Chakwera, ambaye kabla ya siasa aliongoza kanisa la Assemblies of God nchini humo, alishindwa na Peter Mutharika. Alilihutubia taifa, akakubali. Watu hao si malaika. Nawataja ili ujue kwamba mkono wa mwanadamu unaweza kuachia.

Lakini mfano ulio mkubwa zaidi ni Yonathani. Yeye ndiye aliyekuwa mrithi, mwana wa mfalme. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kumchukia Daudi ni yeye. Alifanya nini? Soma 1 Samweli 18:4. Alivua joho lake akampa Daudi, na mavazi yake, na upanga, na upinde, na mshipi. Hakutoa neno tu. ALIVUA. Joho la mwana wa mfalme likahama mwili. Baba alilia pangoni akabaki na kiti. Mwana alivua joho akapata rafiki.

5. KITI CHA NDANI YAKO

Sasa nakuja kwako, kaka yangu, dada yangu. Ndani ya moyo wako kuna kiti kimoja tu. Nani amekaa? Wengi wetu anayekaa pale anaitwa MIMI. Mimi ndiye ninayeamua nilale na nani, ninywe nini, nimsamehe nani, nimlipe nani. Mungu amemweka Mwanawe, Yesu Kristo, Mwana wa Daudi, kuwa Mfalme. Alikufa msalabani kwa dhambi zako, siku ya tatu akafufuka. Wakolosai 2:15 inatuambia kwamba pale msalabani alizivua enzi na mamlaka za giza silaha zao. Kwa hiyo hata Shetani ni mtawala aliyeshindwa. Anaendelea kukutawala kwa sababu wewe humwambii atoke.

Kwenye mikutano hii wengi hunyoosha mkono. Wanalia. Keshokutwa wako porini tena na watu 3,000 wakimtafuta Daudi! Umekubali kwa mdomo, lakini joho bado umevaa, na mpira bado uko darini.

Sikuahidi kwamba ukiokoka nchi haitapata fujo. Sina mamlaka hayo. Ninachojua ni hiki: siku ya fujo, mtu ambaye Yesu amekaa kwenye kiti chake hapigi, hachomi, hapori duka la mtu. Atamfungulia mlango jirani wa chama kingine. Kura yake atapiga, haki atadai kwa mdomo wazi na mikono safi, na watawala atawaombea na kuwaonya bila kuwaabudu. Na hata akifa siku hiyo, hafi kwa ajili ya kiti cha mtu.

Yule kijana wa mahindi nilimjibu hivyo. Akaniambia, "Basi Mwinjilisti, kumbe uchaguzi mkubwa uko kwangu." Ndiyo, uko kwako, na ni leo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Ni jambo gani ambalo Mungu ameshakuambia uache, na bado umeling'ang'ania?
2. Umewahi kukubali kwa mdomo na kuficha mpira? Umeuficha wapi?
3. Nani ameumia kwa sababu ya kiburi chako, hata kama jiwe hukurusha wewe?
4. Kati ya Sauli na Yonathani, ukijiangalia kwa ukweli, unafanana na nani?

OMBA SALA HII KWA SAUTI

Bwana Yesu, mimi nimekaa muda mrefu kwenye kiti ambacho si changu. Nimejitawala vibaya na nimeumiza watu. Leo nakubali kwamba nimeshindwa. Nashuka. Nisamehe dhambi zangu kwa damu yako. Keti wewe ndani yangu, uwe Bwana na Mwokozi wangu. Navua joho langu mbele zako, nisilirudie tena. Shetani, ulishashindwa msalabani, toka maishani mwangu katika Jina la Yesu. Amina.

Kama umeomba kwa moyo, umeokoka! Sasa fanya mambo matatu. Mwambie mtu mmoja leo hii. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku, na ujiunge na kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwenu. Na la tatu, ambalo ndilo gumu: panda darini, ushushe ulichoficha, umrudishie mwenyewe. Hata kama panya wamekitafuna.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. MUNGU AKUBARIKI SANA.