Kwenda Namugongo na Mtoto: Mwongozo kwa Mzazi Anayesafiri na Msafara wa Parokia

Mwezi wa tano ukiingia, tangazo la hija ya Namugongo husomwa baada ya komunyo katika parokia nyingi za Kagera, Mwanza na kwingineko: nauli kiasi gani, basi linaondoka lini, mchango apelekewe nani. Habari ya watoto haimo. Mama anakwenda kujiandikisha, anaongeza kwa sauti ya chini, "na huyu mdogo nitakuja naye," katibu anaandika jina la pili, na shughuli imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Msafara wa kanisa una uzuri wake: kila mtu ndani ya basi ni mjomba au shangazi wa mtoto, na biskuti hazikauki mkononi mwake. Lakini mtoto anayeangaliwa na watu hamsini haangaliwi na mtu. Uliza saa sita usiku nani alikuwa naye mwisho, kila mmoja atamtaja mwenzake. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: karatasi, dawa, malazi na macho juu ya mtoto vibaki mikononi mwako, hata kama msafara una katibu hodari na akina mama Wakatoliki wa WAWATA wasiochoka.

Hatua ya kwanza: Amua kama kweli anakwenda

Namugongo iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya Kampala, na kutoka Bukoba hadi Kampala ni karibu kilomita 300. Ukitokea Mwanza au Dar es Salaam, jumlisha mwenyewe. Tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, uwanja wa hija hujaa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wamelala pale pale nje usiku uliotangulia, na wengine wamefika kwa miguu baada ya kutembea siku kadhaa.

Maoni yangu ni kwamba mtoto asiyeweza kutaja jina lake kamili na jina la mzazi wake kwa mtu asiyemjua abaki kwa bibi. Anayeweza, na anayestahimili kukaa garini siku nzima, aende. Kama unataka aone mahali penyewe zaidi ya sikukuu, kuna msafara mwingine wa kuufikiria: Watanzania wengi hufika mapema, kwa kuwa tarehe 1 Juni huwa na ibada ya kumwombea Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere atangazwe mwenye heri. Siku hiyo msongamano ni mdogo kuliko wa tarehe 3, na mtoto anaweza kuhesabu nguzo 22 za basilika bila kusukumwa.

Hatua ya pili: Karatasi, miezi mitatu kabla, bila kusubiri tangazo

Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda, jambo linalowafanya wengi wadhani hakuna kinachohitajika. Hati ya kusafiria inahitajika, na mtoto lazima awe na yake. Kuandikwa kwenye orodha ya paroko, hata yenye mhuri wa parokia, hakumvushi mtoto mpaka.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kisha jaza fomu kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, lipia, uende ofisini na mtoto pamoja na nakala za vyeti na vitambulisho vya wazazi. Waulize hapo hapo kama kwa safari yenu inafaa pasipoti kamili au hati ya dharura, na ada ya sasa ni kiasi gani. Usichukue jibu la jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Sasa kuna jambo linalowakwamisha Wakristo kuliko watu wengine: majina. Mtoto kwenye cheti cha RITA ni Baraka. Kwenye cheti cha ubatizo ni Kizito. Shuleni anaitwa Baraka Kizito, na katibu wa msafara, anayemjua kutoka shirika la watoto la Utoto Mtakatifu, ameandika Kizito peke yake. Ofisa wa mpakani akishika orodha kwa mkono mmoja na pasipoti kwa mkono wa pili, anaona watoto wawili. Mpe katibu nakala ya ukurasa wa pasipoti, umwombe aandike jina kama lilivyo pale, herufi kwa herufi, halafu uone alichoandika kwa macho yako.

Kama unasafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua yake ya ridhaa. Iwe na jina na namba ya pasipoti ya mtoto, jina lako, nchi mnayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi, namba ya simu ya aliyeandika na nakala ya kitambulisho chake. Wakili au kamishna wa viapo aigongee mhuri. Aliyefiwa abebe nakala ya cheti cha kifo. Mlezi ambaye si mzazi ndiye hasa asithubutu kuondoka bila karatasi hizi. Ofisa ana kila haki ya kuuliza mtoto huyu ni wa nani, na ni vizuri kwamba anauliza.

Siku za shule zikigongana na safari, chukua ruhusa ya maandishi kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya tatu: Chanjo

Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea. Na kwa kuwa Uganda ni nchi yenye ugonjwa huo, kadi ile ile mtaulizwa mkirudi nyumbani. Kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo aliyechanja mtoto Jumatatu ya wiki ya safari amechelewa. Habari njema ni kwamba dozi moja sasa inatambuliwa kwa maisha yote. Chanja kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali, na mweleze mhudumu kama mtoto ana mzio wa mayai au ana ugonjwa unaopunguza kinga. Kadi za njano zinazouzwa bila sindano, utazisikia zikitajwa kwenye vituo vya mabasi. Achana nazo.

Hatua ya nne: Waulize viongozi wa msafara

Hapa wazazi wengi huona haya. Unamuulizaje katekista maswali kana kwamba humwamini? Unamuuliza kwa heshima, mbele ya wengine, kwenye kikao cha maandalizi, kwa faida ya watoto wote:

Tunalala wapi kila usiku, na wanawake, wanaume na watoto wamepangwaje? Basi lina madereva wangapi, na linasafiri usiku? Nani anashika huduma ya kwanza? Mtoto akiugua njiani, tuseme Masaka, nani anabaki na familia hiyo, na fedha za dharura zinatoka mfuko gani?

Juu ya malazi usilegeze hata kidogo. Misafara mingi hulala kwenye madarasa au kumbi, na usiku wa manane mtu mwenye nia njema husema, "Mama Baraka umechoka, mtoto alale huku na sisi." Mshukuru, kisha umlaze mtoto ubavuni pako. Mtoto wako asilale chumba kimoja na mtu mzima ambaye si wa familia yenu, asiende chooni usiku na mtu mwingine, asipande gari dogo la "wanaotangulia" bila wewe. Kanuni hii haimchagui kiongozi wa kwaya wala frateri wala mwenye nyumba aliyewakaribisha. Mweleze na mtoto mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa maneno mepesi: mtu yeyote akikwambia usimwambie mama, hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Kiongozi mwema hatakasirika. Akikasirika, umejua jambo muhimu kabla hujalipa nauli.

Jipangie pia mwenza: mzazi mmoja mnayeaminiana, mkabidhiane watoto kwa kutamka. "Nakuachia Baraka, nakwenda kuungama." "Nimempokea." Inaonekana kama mchezo, lakini ndiyo inayoondoa lile la kila mtu kudhani mtoto yuko kwa mwenzake.

Hatua ya tano: Begi

Kidogo. Mkeka, shuka nzito au blanketi jepesi, maana usiku wa Juni Namugongo una baridi na mvua za masika huweza kuwa hazijaisha. Sweta, koti la mvua, kandambili na viatu vya kufunga. Chandarua au dawa ya kupaka ya mbu. Dawa ya homa ya watoto, chumvichumvi ya kuharisha, sabuni, karatasi za chooni. Chakula cha siku ya kwanza, kisichooza. Dawa anazotumia kila siku zikae kwenye mkoba wako wa mkononi pamoja na pasipoti, si chini kwenye buti la basi.

Hatua ya sita: Barabarani na Mutukula

Kutoka Bukoba mtavuka Mto Kagera pale Kyaka, ambako daraja lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Mtoto wa darasa la tano ataelewa, mwoneshe. Ukifika mpakani Mutukula, jua kwamba kituo ni cha pamoja: taratibu za nchi zote mbili humalizika upande wa nchi unayoingia. Watu huteremka na kutawanyika ghafla, huyu anatafuta choo, yule chai. Shika mkono wa mtoto kuanzia mlango wa basi mpaka dirishani, asimame mbele yako ofisa amwone, na mkigongewa mihuri, tazama kama na yake imegongwa.

Wabadilisha fedha watawazunguka. Kwa miaka ya karibuni shilingi ya Uganda imekuwa nyepesi kuliko yetu, kwa hiyo namba unayopokea lazima iwe kubwa kuliko uliyotoa. Badilisha kidogo, dukani, mtoto akiwa na mwenza wako. Mtu anayehesabu noti ana jicho moja tu.

Kati ya Masaka na Kampala, pale Kayabwe, barabara inakata ikweta. Mwombeni dereva asimame dakika kumi. Watoto hawaikumbuki ratiba ya ibada, lakini hii wataisimulia.

Hatua ya saba: Namugongo kwenyewe

Kwanza jueni kwamba kuna vituo viwili, cha Wakatoliki penye basilika na cha Waanglikana pale Nakiyanja. Anayeuliza njia ya "kwa Mashahidi" anaweza kuelekezwa kokote kati ya viwili.

Asubuhi, kabla ya kuingia kwenye umati, mpige mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo. Mfukoni mwake, si kifuani, tia kadi ngumu yenye jina lake, namba yako inayoanza na +255, na namba ya mtu wenu mwenye laini ya Uganda. Jina likining'inia shingoni kila mpita njia anaweza kumwita kwa jina lake kama mtu anayemjua.

Chagueni mahali pa kukutana panapoonekana na pasipohama: lango fulani, si "pale karibu na basi". Umati ukijaa simu huweza kugoma, kwa hiyo wekeni na saa. Mfundishe kwamba akikukosa asikutafute. Asimame, kisha amwendee askari mwenye sare au mama mwenye watoto, au hema la Msalaba Mwekundu. Mfanyisheni mazoezi kabla, umwache aoneshe kwa kidole angekwenda wapi. Namba ya polisi Uganda ni 999, na 112 nayo hufanya kazi.

Kuhusu hadithi yenyewe, usimwachie mtoto aikute peke yake. Mashahidi waliuawa kati ya 1885 na 1887 enzi za Kabaka Mwanga, na Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hapa tarehe 3 Juni 1886. Kizito, aliyekuwa na umri wa kama miaka 14, alibatizwa na Lwanga siku chache kabla ya kufa. Makumbusho ya upande wa Waanglikana yana sanamu za ukubwa wa mtu zinazoonesha mauaji waziwazi. Mtoto wa miaka saba anaweza kuota ndoto mbaya wiki nzima. Ingia wewe kwanza, halafu uamue.

Hatua ya nane: Kurudi

Hesabuni watu kwa majina, si kwa idadi, kabla basi halijaondoka. Idadi hutimia hata mgeni akipanda kuomba lifti. Maji mliyochota Namugongo kwenye kidumu ni ya ibada, msimpe mtoto ayanywe bila kuchemshwa. Na kwa majuma kadhaa baada ya kufika nyumbani, homa yoyote ya mtoto ipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe malaria, na mwambie mganga, hata kama hajauliza, kwamba mtoto alikuwa Uganda na tarehe mliyorudi.