MGUSO WA PILI: Unapotoka Hospitali na Bado Unaogopa

Somo: Marko 8:22–26
Soma pia: 1 Wafalme 19:1–8, Wafilipi 2:25–30

 

Somo la wiki hii linamhusu mtu aliyetoka hospitali salama, akaombewa, akashukuru mbele ya kanisa, halafu usiku akibaki peke yake anashindwa kulala kwa hofu. Mtu huyo yuko katikati yetu. Pengine ni wewe unayesoma. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu huyo, ndiyo maana Mchungaji akaniomba nifundishe.

Kwa miaka mingi upande wa kulia wa pua yangu ulikuwa umeziba. Nilikoroma mpaka watoto wakawa wanalalamika chumba cha pili. Nilizoea kununua dawa ya matone kwa kemisti na kuitia kila usiku, bila kujua kwamba dawa za kufungua pua za aina ile, zikitumiwa kupita siku chache, zinaweza kuifanya pua izibe zaidi. Mwishowe daktari wa masikio, pua na koo alinipima, akaniambia ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua umepinda, na nyama za ndani zimevimba. Akapendekeza upasuaji.

Nilifanyiwa Jumatano. Alhamisi nikarudi nyumbani. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasema, "Nimepona kabisa, napumua kama mtoto!" Vigelegele vikapigwa. Lakini ukweli ni kwamba siku ile pua ilikuwa imeziba kuliko kabla ya oparesheni. Nilikuwa napumua kwa mdomo. Nilisema kile nilichotaka kiwe, nikakiita imani.

Alhamisi iliyofuata, usiku wa siku ya nane, damu ikaanza kutoka. Nikajifungia bafuni na beseni. Sikumwamsha mke wangu. Nikajiambia, nikisema natoka damu, ule ushuhuda wa Jumapili utaonekana uongo. Nikakaa pale karibu saa nzima, nikimeza damu na kukemea. Yeye ndiye aliyekuja kugonga mlango. Alipoona beseni hakuniuliza habari za imani. Alisema tu, "Baba, vaa viatu twende."

Hospitalini waliijaza pua bandeji pande zote mbili, nikakaa nayo siku mbili. Damu ikakoma. Lakini bandeji zilipotolewa, nikabaki na hofu. Nikisinzia tu, nashtuka nikidhani nimekosa hewa. Moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, nakimbilia dirisha. Nilikemea roho ya hofu mpaka sauti ikakauka, na kesho yake ikarudi saa ile ile. Nikaanza kujiuliza kama wokovu wangu ulikuwa wa kweli.

Hapo ndipo Neno la Marko 8 liliponikuta.

1. Kipofu wa Bethsaida alijibu ukweli

Muujiza huu unapatikana katika Injili ya Marko peke yake. Watu walimleta kipofu kwa Yesu. Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono. Kisha akamwuliza kama anaona kitu.

Simama hapo kidogo. Yesu anajua kila kitu, si ndiyo? Na bado alimwuliza mgonjwa hali yake. Yule mtu angeweza kusema, "Naona vizuri, Bwana, asante!" ili asimwaibishe aliyemwombea. Hakusema hivyo. Alieleza kwamba watu anawaona, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yaani, nimepata nafuu, ila bado.

Je, Yesu alimkemea kwa kukosa imani? Hapana! Alimwekea mikono mara ya pili, na yule mtu akaona kila kitu waziwazi. Tazameni mpangilio, wapendwa: jibu la kweli lilikuja kwanza, mguso wa pili ukafuata. Kama angesema ameona wakati hajaona, angerudi nyumbani akigongana na watu akidhani ni miti.

Mimi nilifanya hivyo. Niliondoka kwenye mguso wa kwanza nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Kusema "bado ninaumwa" kwa Yesu, kwa daktari na kwa mke wangu hakukuwa kumkana Mungu. Ndiyo njia ambayo msaada ungepitia.

Ona jambo lingine. Yesu alimponya nje ya kijiji, mbali na umati, na alipomaliza akamwambia asiingie kijijini. Kuna uponyaji unaohitaji utulivu kabla ya maikrofoni. Ushuhuda hauozi, ndugu yangu. Ukiungoja miezi mitatu bado utakuwa ushuhuda, na utakuwa umekomaa.

2. Kwa nini hofu ya pua ni kali hivi

Mwanzo 2:7 inatufundisha kwamba Mungu alimpulizia mwanadamu pumzi ya uhai puani. Pua ni mlango wa pumzi. Ukivunjika kidole unaumwa, lakini mlango wa pumzi ukizibwa, mwili wote unapiga kelele kama nyumba inayoungua. Kwa hiyo usijidharau. Mwili wako unafanya kazi ambayo Muumba aliuumbia, ila king'ora kimekataa kuzimika baada ya moto kuisha.

Daktari alinieleza mambo matatu ambayo ningetamani kuyajua mapema.

Kwanza, baada ya upasuaji wa pua, kuziba ni jambo la kawaida. Ndani kumevimba, kuna vigaga na kamasi iliyoganda. Wiki moja au mbili za kwanza mtu hujisikia kama ana homa kali ya mafua. Uvimbe wa ndani unaweza kuchukua miezi kuisha kabisa.

Pili, pua ina neva zinazohisi ubaridi wa hewa inayopita. Hizo ndizo zinazotuambia kwamba tunapumua vizuri. Zikiwa zimechokozwa na kidonda, mtu anaweza kuhisi hewa haitoshi hata kama inapita.

Tatu, ukiogopa unahema haraka haraka. Kuhema hivyo kunaleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na ganzi ile inakuogopesha zaidi. Ni mduara. Dawa yake ni kukaa wima, kuvuta pumzi taratibu, na kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, dakika kadhaa. Mimi nilijifunza kulitaja jina la Yesu moyoni kila ninapotoa pumzi. Maombi na pumzi vikaenda pamoja.

Lakini daktari hakuishia kunituliza. Aliingiza kamera ndogo puani akakuta utando wa kovu umeanza kushikanisha ukuta na nyama ya pembeni. Akauachanisha palepale kliniki. Kumbe sehemu ya shida yangu ilikuwa hofu, na sehemu ilikuwa kitu cha kweli kabisa! Ningebaki nyumbani nikikemea tu, kile kitu kingekomaa.

3. Eliya naye aliguswa mara mbili

Eliya alikuwa ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka. Muda mfupi baadaye anamkimbia Yezebeli, analala chini ya mti jangwani, anaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Malaika alimgusa akampa mkate wa moto na maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale kwa sababu safari ni ndefu. Sauti ya utulivu kule Horebu ilikuja baadaye. Usingizi na chakula vilitangulia.

Mtu aliyekaa usiku nne bila kulala hahitaji kuhubiriwa kwanza. Anahitaji uji, kitanda, na mtu wa kukaa naye. Na Paulo, yule yule aliyewaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa lolote, katika barua ile ile anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu kufa, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa na huzuni. Maagizo ya sura ya 4 yaliandikwa na mtu aliyejua machozi ya sura ya 2.

4. Mambo ya kushika ukiwa nyumbani

Fuata kwanza maagizo ya daktari aliyekupasua, maana yeye ndiye anayejua alichokifanya. Kwa jumla, haya husaidia:

- Usipenge kamasi mpaka uruhusiwe. Chafya ikija, fungua mdomo.
- Lala kichwa kikiwa juu, ongeza mto.
- Usibebe mtungi wa maji wala gunia, na usiiname. Hata kwa maombi! Kupiga magoti na kuinamisha uso mpaka sakafuni kunaongeza msukumo wa damu puani. Omba ukiwa umeketi, Mungu anasikia.
- Ukiambiwa usafishe pua kwa maji ya chumvi, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie ya mfereji moja kwa moja.
- Kaa mbali na moshi wa jiko la makaa, sigara na vumbi.
- Usinywe aspirini wala dawa nyingine ya maumivu bila kumwuliza daktari, maana baadhi huongeza kutoka damu.
- Usikatize dawa ili ufunge. Kufunga kutakungoja.

Damu ikitoka, keti wima, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, na uteme damu inayoingia mdomoni. Isipokoma, au ikitoka nyingi, nenda hospitali usiku huo huo. Nenda pia bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: homa kali; kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa; jicho kuvimba au kuona vibaya; maji maangavu yanayodondoka upande mmoja ukiinama; au pua kuziba ghafla huku maumivu yakizidi.

Na hofu ikiendelea wiki baada ya wiki, ikakunyima usingizi, chakula au kazi, mwambie daktari hilo nalo. Nilipelekwa kwa mshauri nasaha na sioni aibu kulisema. Ukifikia kutamani kufa kama Eliya, usikae peke yako hata usiku mmoja. Mwite mtu, uende hospitali.

5. Neno kwa kanisa

Yule kipofu hakujileta. Aliletwa na watu. Mgonjwa akirudi nyumbani, tusimwulize, "Umepona, si ndiyo?" Swali hilo lina jibu ndani yake. Tumwulize kama Yesu, "Unaonaje sasa?" Halafu tunyamaze tusikie.

Watumishi wa maombi, mtu aliyepasuliwa usoni usimbonyeze paji la uso wala kumsukuma. Wekea mkono begani. Wamama wa ushirika, Mungu awabariki kwa chapati na chai, lakini mgonjwa akisinzia mwacheni alale.

Mimi nilimwambia Mchungaji ukweli wiki ya tatu. Niliogopa ataniondoa kwenye uongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, sasa tunaweza kuomba kitu cha kweli." Ndugu wawili wakaanza kunipigia simu kila saa tatu usiku, saa ile hofu ilipokuwa ikianza. Tulizungumza habari za ng'ombe, mpira, kisha tukaomba kwa ufupi. Hofu haikuondoka siku moja. Usiku mmoja nilishtuka mara tatu badala ya tano. Wiki nyingine mara moja. Mwezi wa tano nikagundua asubuhi kwamba nimelala bila kufikiria pua.

Mara moja moja bado nashtuka. Nalisema hilo leo kwenye karatasi hii kwa sababu sitaki tena kutoa ushuhuda ulio mbele ya uponyaji wangu. Aliyeanza kazi hii hajaondoa mkono wake.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini unadhani Yesu alimtoa kipofu nje ya kijiji?
2. Ni wapi katika maisha yako unaona "miti inayotembea", na umemwambia nani?
3. Tunawezaje kufanya ushirika wetu uwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "bado"?
4. Taja mgonjwa mmoja wa eneo lenu. Nani atampigia simu wiki hii, na saa ngapi?

Maombi

Bwana Yesu, ulituuliza hali yetu ingawa unaijua. Tusamehe kwa kukujibu tulichodhani unataka kusikia. Leo tunakuambia ukweli: tumepata nafuu, lakini bado. Tuguse tena. Bariki mikono ya madaktari na wauguzi, wape wenzetu usingizi usiku huu, na utufanye watu wa kuuliza na kungoja jibu. Katika jina lako tumeomba. Amina.