Takataka na Amri ya Saba

Mtu akiiba kuku wa jirani yake, kijiji kizima chajua jina la kumwita. Lakini mtu akifagia ua wake vizuri, akakusanya maganda, mifuko na vipande vya chupa, na mvua ianzapo akavimwaga vyote mferejini vichukuliwe na maji, hakuna amwitaye mwizi. Pengine husifiwa kwamba nyumba yake ni safi. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu wapendwa kwamba watu hawa wawili wana undugu wa karibu kuliko tunavyodhani, na kwamba dawa ya jambo hili yaanzia jikoni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ikifika kwenye amri ya saba, ile ikatazayo wizi, haiishii kwenye mali ya mfukoni na ghalani. Katika namba 2415 yaweka chini ya amri hiyo hiyo wajibu wa kuviheshimu viumbe, kwa kuwa Mungu ameviandaa kwa faida ya wanadamu wote, waliotutangulia, walio hai na watakaozaliwa. Basi, auchafuaye mto huwanyang'anya maji yao wale wakaao chini yake, na azibaye mfereji humnyang'anya jirani sakafu kavu ya kulaza watoto wake. Twadhani ni wachache waliowahi kulitaja kosa hili kitini pa kitubio, na mapadre waliowahi kuliuliza ni wachache zaidi.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, wala si kwamba walikuwa watakatifu kuliko sisi. Kila kilichoingia nyumbani mwao kilitoka shambani, porini au baharini, na kilipokwisha kazi kilirudi ardhini. Mhaya katika kibanja chake na Mchaga katika kihamba chake walitupa maganda, majivu na samadi shinani mwa migomba, na migomba ile ililisha vizazi kwa vizazi. Kikapu cha ukindu kilichochakaa kilioza. Kifuu kilikwenda motoni au kikawa upawa. Neno jaa ni la zamani katika Kiswahili, na jaa lenyewe lilikuwa mahali pa baraka: maboga na mipapai iliota pale pasipo kupandwa na mtu.

Desturi yetu ni ile ile. Kitu kitupwacho ndicho kilichogeuka. Twatupa nyuma ya nyumba kama babu alivyotupa, lakini sasa ni mfuko wa nailoni, chupa ya soda, nepi ya mtoto, betri ya tochi. Mvua yaja na kupita, jua laja na kupita, na mfuko uko pale pale. Ng'ombe huula pamoja na majani, humkwama tumboni, hukonda na kufa, na mwenye ng'ombe huanza kutafuta mchawi. Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi siku hizi twamtupa jongoo, na mti wake, na mfuko tuliomfungia.

Serikali hazikulala. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na kwetu Tanzania Bara katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Wengi twakumbuka jinsi miiba ya kandokando ya barabara ilivyokuwa imevaa mifuko kama maua ya ajabu. Leo imepungua sana, na yafaa tushukuru. Kabla ya hapo, tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akaamuru siku hiyo itumike kwa usafi nchi nzima, naye mwenyewe akatoka kusafisha. Watu wengi walifagia. Lakini kufagia ni kukusanya tu, na swali hubaki palepale: kilichofagiwa kiende wapi?

Katika Dar es Salaam, takataka zinazobahatika kupakiwa garini zimepelekwa kwa miaka mingi Pugu Kinyamwezi, pembeni mwa mji. Zisizobahatika hubaki katika mitaro na katika bonde la mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu katika mji huo. Hatusemi kwamba takataka ndizo zilizoleta mvua ile. Lakini kila akaaye bondeni ajua kwamba mtaro uliojaa chupa na mifuko haupitishi maji, na maji yasiyo na njia hupanda, huingia chooni, kisha huingia kisimani yakiwa yamechukua ya chooni. Hiyo ndiyo barabara apendayo kipindupindu. Kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea baadaye hata mikoa mingi ya nchi. Homa ya dengue nayo, iliyousumbua mji huo mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na mbu auma mchana, azaliwaye katika maji machache yaliyotulia ndani ya kopo, kifuu au tairi bovu. Mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sharti kopo lenyewe liondoke uani.

Na hata zile zifikazo jaani hazijaisha. Jirani zetu wa Uganda walilijua hili kwa machozi. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea takataka za Kampala tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba za waliokaa chini yake. Walikufa zaidi ya watu 30, na watoto wakiwamo. Hakuna aliyekwenda pale kuwaua. Kila nyumba ilitoa mfuko wake mmoja tu.

Sasa tuingie jikoni. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa takataka za nyumbani ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, majani ya mboga, makombo ya ugali na wali. Vitu hivi vikiwa peke yake havina ubaya wowote. Ubaya waanza vikichanganywa na vingine. Ganda bichi likiilowesha karatasi, karatasi haimfai tena mnunuzi. Chupa ikipakwa mchuzi, mwokota chupa huiacha. Gunia huwa zito, na mwenye mkokoteni hudai zaidi. Tena vitu hivyo vikifukiwa jaani chini ya lundo kubwa, pasipo hewa, hutoa gesi ya methani iwakayo moto, ambayo yaongeza pia joto la dunia. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba ni nyepesi: viwepo vyombo viwili, kimoja cha vitu vya kuoza, kimoja cha vitu vikavu. Mtoto wa miaka 5 huijua kwa siku moja. Baba wa nyumba huhitaji majuma mawili.

Mintarafu makombo, afadhali yasiwepo kuliko kuyatupa vizuri. Bwana Wetu Yesu Kristo alipowalisha watu 5,000 kwa mikate mitano, yeye aliyeweza kuifanya mingine kesho yake, aliwaamuru wafuasi wake wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu, na Mtakatifu Yohane atuambia kwamba vilijaa vikapu 12. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, alivitaja vitendo hivi vidogo kimoja kimoja: kuepuka plastiki na karatasi zisizo za lazima, kutenga takataka, na kupika kiasi kile tu kitakacholiwa. Wako waliocheka kwamba Papa mzima aingia katika mambo ya sufuria. Sisi twaona alijua vema mahali ambapo mapendo kwa jirani hupimwa kila siku.

Vitu vikavu visioshwe kwa maji mengi. Kusuuza kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo kwatosha. Chupa za plastiki, makopo, vyuma na karatasi vina wanunuzi karibu kila mji, na jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo yenye nyumba 12 yaweza kukusanya pamoja hata ikapata mzigo wa kumvuta mnunuzi aje mwenyewe. Hapa twataka kusema neno juu ya wale waokotao chupa na wavutao mikokoteni. Watu huwaita kwa majina ya dharau, na watoto wetu huyarudia. Watu hawa huingiza mikono mitupu katika magunia yetu, na ndani ya magunia tumeweka viwembe, vipande vya kioo, na sindano za mgonjwa wa kisukari tuliyemwuguza nyumbani. Anayejikata hatutamwona, wala hatutalipa dawa yake. Twasihi kila mama na kila baba: viwembe na vioo vitiwe katika kopo gumu lenye kifuniko, lifungwe, ndipo litolewe, na mchukuzi aambiwe. Sindano zirudishwe zahanati katika chombo kigumu. Jambo hili twalihesabu chini ya amri ya tano.

Wengi huuliza juu ya kuchoma moto, maana vijijini ndiyo njia ya kawaida. Majani makavu afadhali yaoze yawe mbolea. Plastiki isichomwe uani kabisa. Moshi wake huwaingia kwanza watoto wachezao karibu na mama apikaye, na ile plastiki ya mabomba, nyaya na ngozi ya bandia, ikiungua kwa moto mdogo, hutoa sumu iitwayo dayoksini. Sumu hiyo huweza kuleta saratani; hujificha katika mafuta ya wanyama na katika maziwa, nayo ikiingia mwilini mwa mtu huchukua miaka 7 hata 11 kupungua kufikia nusu tu. Moto hauitoi plastiki duniani. Waigeuza iwe pumzi. Kijiji kisicho na mnunuzi wala gari la taka chafanya vema zaidi kuzihifadhi kavu katika magunia hadi lipatikane gari liendalo mjini, na lililo jema kuliko yote ni kutozileta nyumbani.

Na sikukuu zetu? Siku ya Komunyo ya Kwanza, siku ya harusi, siku ya somo wa parokia, uwanja wa kanisa huachwa umetapakaa vikombe vya plastiki na chupa za maji hata Padre aona haya kupitisha wageni. Zamani akina mama walikuja na vikombe vya bati na sahani zao, wakaviosha pamoja huku wakiimba, na hakuna aliyekufa kwa kazi hiyo. Twajua kwamba akina WAWATA wana mizigo mingi. Basi safari hii vijana na akina baba waoshe.

Hatuwasahau wakuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mtu akaaye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na yaziagiza halmashauri kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Mwenye kulipa ada ya taka asipoona gari mwezi mzima ana haki ya kuuliza, kwa adabu na tena kwa maandishi, na wanajumuiya wakiuliza pamoja husikilizwa upesi zaidi. Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, lango lililoitwa lango la jaa, ambalo takataka za mji zilitokea, lilijengwa na Malkiya, mkuu wa mtaa, na jina lake limeandikwa katika Maandiko pamoja na ya makuhani. Viongozi wa leo wasilione lango hilo kuwa kazi ya watu wadogo.

Lililobaki ni shimo la mboji, na hili twalieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa wengi hulianza vibaya wakalikatia tamaa. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima, hatua 30 au zaidi. Penye ukame kama Dodoma na Singida, chimba shimo la upana wa meta 1 na kina cha nusu meta ili unyevu usitoroke. Penye mvua nyingi kama Bukoba, lundika juu ya ardhi ili maji yasituame. Anza chini na vijiti na mabua ili hewa ipite. Tia maganda na majani mabichi kiasi cha shibiri moja, juu yake majani makavu, kisha udongo au samadi kidogo na majivu machache. Nyunyiza maji, urudie tena hivyo hivyo. Usitie nyama, mifupa, mafuta wala nepi, maana mbwa na panya watalifukua. Funika kwa majani ya migomba. Choma kijiti kirefu katikati na ukichomoe kila juma: kikitoka cha moto na chenye unyevu, kazi yaendelea, kikitoka kikavu, ongeza maji, kikinuka uvundo, maji yamezidi, pindua na uongeze vikavu. Mwenye chumba kimoja mjini aweza kutumia ndoo iliyotobolewa chini, au amgawie maganda jirani afugaye mbuzi. Pindua kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, nayo itanukia kama udongo wa msituni. Shimo lililojazwa Juni, mvua za masika zikiisha, hufunguliwa Septemba au Oktoba, na mboji yake huwa tayari shinani mwa migomba na katika matuta ya mchicha kabla ya vuli.