Kingo za Bwawa Zinapobomoka: Ukingo ni wa Nani?

Somo la mara hii ni kwa kamati za mabwawa, vyama vya wakulima na wafugaji, na machifu wa vijiji vya Masisi na Walikale. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika kikao, na wachungaji wa ng'ombe wawepo.

Tuanze na Lushebere, katika sekta ya Osso-Banyungu, karibu na Masisi-centre. Mazingira yake ni ya vilima vingi vya Masisi: juu kuna malisho, katikati mashamba ya maharage na mahindi, na bondeni kuna maji. Mvua ikinyesha, udongo wa mtu wa juu unakuwa tope la mtu wa chini. Tarehe 4 Mei 2023 huko Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua ya siku moja iliteremsha udongo na mawe hadi kando ya Ziwa Kivu, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Bwawa la kijiji halileti msiba wa namna hiyo, lakini njia ya maji ni ile ile. Linaleta msiba wa aina nyingine: ugomvi.

Ufugaji wa tilapia katika mabwawa ulienea Kongo tangu miaka ya 1940, wakati wa Wabelgiji, na mabwawa mengi yaliachwa baada ya uhuru wa mwaka 1960. Katika baridi ya milima yetu tilapia hukua polepole. Kwa hiyo bwawa likijaa tope kabla ya mavuno, hasara ni ya miezi mingi, na mtu wa kulaumiwa hutafutwa upesi.

Kwanza tuelewe ukingo unabomoka vipi. Watu wengi hutazama juu, mahali udongo ulipoanguka, kumbe ugonjwa uko chini. Maji hula mguu wa ukingo kidogo kidogo, mpaka sehemu ya juu inabaki inaning'inia, kisha inaanguka yenyewe. Kwato za ng'ombe wanaokuja kunywa huharakisha kazi hiyo. Jembe linalolima mpaka kwenye maji huharakisha zaidi, kwa sababu hukata mizizi. Hata tilapia dume wanachimba viota vyao karibu na ukingo. Ndiyo maana kumwaga udongo mpya juu, kama kamati nyingi zinavyofanya siku ya salongo, ni kupoteza jasho: mvua ya kwanza inauchukua.

Kazi ianze wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa yamepungua. Punguzeni mwinuko wa ukingo: kwa kila mita 1 ya kushuka, ukingo utoke mita 2 kuelekea ndani ya bwawa. Mguuni pangeni mawe, au pigeni fito kwa mstari na kuzifuma kwa matawi kama ua. Mvua za Septemba zikianza, funikeni mteremko kwa mabonge ya majani mafupi ya malisho, yale yanayotambaa na kushika udongo kama mkeka. Matete na mafunjo ni mazuri ndani ya maji mahali pa kina kifupi, ila yapunguzwe, maana yakiachwa yanalimeza bwawa. Juu ya tuta la bwawa msipande miti. Mzizi mkubwa ukioza unaacha tundu, na maji hupita humo mpaka tuta linapasuka. Migomba nayo haifai hapo. Inaanguka na kung'oa udongo. Na kabla ya yote hayo kagueni njia ya maji ya ziada. Ikiwa ni nyembamba, maji yatapita juu ya tuta, na kazi yote ya kiangazi itaondoka usiku mmoja.

Hayo ni ya mikono. Yaliyobaki ni magumu zaidi.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinakataza kukata msitu umbali wa mita 50 kila upande wa mto. Tanzania, kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004, iliweka mita 60 kutoka kwenye maji. Sheria hizo zina sababu. Lakini nani hulima kwenye ukingo wa maji? Mara nyingi ni yule asiye na shamba lingine: mkimbizi wa ndani, mjane, kijana aliyekosa urithi. Analima pale kwa sababu hapana mwenyewe. Kamati ikimfukuza kwa jina la mazingira, imepata majani na imepanda uadui.

Huko Kondoa, Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibiwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, hilo halikanushwi. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia kwa watu wengine, na mzigo ukahama nao.

Sisi tunaona ni heri kumpa mlimaji wa ukingo kitu badala ya kumnyang'anya. Ukanda wa hatua 10 kutoka kwenye maji upandwe majani marefu ya kulishia mifugo, na majani hayo yawe yake: akate, auze kwa wenye ng'ombe. Hapo mkulima na mfugaji wanahitajiana. Ng'ombe nao wapewe njia moja ya kunywea, iliyotandazwa mawe, na sehemu nyingine ifungwe kwa ua.

Angalieni jambo moja. Mchungaji anayekubali kikaoni mara nyingi si mwenye ng'ombe. Mwenyewe anaweza kuwa Goma. Makubaliano bila sauti yake huvunjika siku anapotuma ng'ombe wengine 30. Apigiwe simu kikao kikiendelea, na jina lake liandikwe.

Kitabu cha makubaliano kiwe na nakala mbili, katika nyumba mbili. Januari 2025, M23 ilipoingia Masisi-centre, watu walikimbia, na anayekimbia habebi makaratasi ya kamati. Andikeni nani alikuwa na sehemu ipi ya ukingo, hata kama leo hayupo, ili akirudi asikute mtu mwingine anakata majani yake.

Mwisho, pigeni vijiti 6 kuzunguka bwawa, kila kimoja mita 2 kutoka ukingoni. Kila mwisho wa mwezi mkulima mmoja na mchungaji mmoja wapime pamoja kwa kamba kutoka kijiti hadi ukingo, na katibu aandike. Kijiti kikibaki na mita 1 na nusu, kikao kiitwe juma hilo hilo, kabla watu hawajaanza kutajana majina sokoni.