Jumatatu: Ramli Katika Filamu

Soma 1 Samweli 28:3–20. Kisa cha mwanamke wa Endori kimo katika Biblia. Je, kinamwacha Sauli katika hali gani?

Filamu za Kitanzania kama Nsyuka na Shumileta zimejaa uchawi na majini. Wengine huzitazama, wakazima televisheni, wakalala. Shinyanga na Geita mambo hayaishii hapo. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi wanayopikia mahali kuni zilipoadimika. Watu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Mara nyingi mauaji huanzia kwa mpiga ramli, na Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku.

Si kila hadithi yenye mchawi ni mbaya. Hata hii ya Endori ingekuwa mbaya. Swali ni hili: je, katika hadithi hiyo, ramli husema kweli? Kijana aliyemwona mganga akimfichua bibi mchawi katika filamu ishirini, atamtazamaje bibi yake siku ng'ombe wakifa?

Jadilini: Je, mtaani kwenu yupo bibi anayenong'onwa? Nani atamtembelea wiki hii?